Daftari la Kikosi cha Julai

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilipewa kazi ambayo mpaka leo sijaisahau: kuwapima vijana wa mpira wa kikapu na kuandika nani anafaa na nani arudi kwao.

Timu ilitoka Dar es Salaam, moja ya zile chache zinazowalipa wachezaji wake mishahara. Ligi ikisimama huja Karatu wiki mbili kujinoa kwenye baridi na mwinuko, ili wakirudi pwani mapafu yao yaone mchezo ni mwepesi. Hulala kwenye mabweni ya shule moja ya sekondari wakati wanafunzi wako likizo. Safari ile kocha alitangaza pia kwamba anatafuta vijana wawili wa huku kwetu wa kuongeza kikosini. Wakajitokeza ishirini na kitu. Baada ya siku tatu wakabaki watatu. Nafasi zilikuwa zile zile mbili.

Kocha nilisoma naye, na tulicheza wote kwenye uwanja ule ule wa zege ambao upepo wa Julai huumwagia vumbi jekundu hata ufagie mara ngapi. Baada ya kidato cha nne yeye alikwenda na mpira, mimi nikaenda na barabara. Nimepakia vitunguu Mang'ola. Nimekaa Oldeani kwenye mashamba ya kahawa nikiandika majina ya wachumaji. Nimepika miaka miwili kwenye kempu ya watalii Engaresero, jua likinikausha mpaka nikatamani ukungu wa Karatu kama mtu anavyotamani maji. Kila nilipopita nilipakumbuka kuliko nilivyopapenda nilipokuwapo. Wakati ule nilikuwa nimerudi nyumbani, nikichezesha mechi za jioni kwa filimbi ya kuazima, na kocha akanikuta hapo.

"Macho unayo," akaniambia. "Miguu ndiyo haitulii. Unaweza kukaa mahali pamoja wiki mbili?"

"Wiki mbili naweza."

"Usije ukaniaga siku ya nane, bwana."

Akanipa daftari la mistari na kalamu mbili. Kila baada ya mazoezi niandike juu ya hao watatu: pumzi, mkono, ulinzi, akili ya mchezo. Yeye alikuwa na wachezaji wake kumi na wawili wa kuwaangalia, hakuwa na jicho la ziada. "Nitakachosoma humo ndicho nitakachofuata," akasema, akaenda zake kama mtu aliyetua mzigo.

Mzigo ulibaki kwangu. Mtu anayehama haulizwi matokeo. Nimewahi kumwambia mwenye lori ampe kazi mtu fulani, nikaondoka kabla sijajua kama huyo fulani aliiba au alifaa. Sasa maneno yangu yangebaki kwenye karatasi, na vijana watatu wangeishi nayo. Usiku wa kwanza nilifuta sentensi moja mara sita.

Wa kwanza hakunisumbua. Alikuwa kijana wa Arusha mjini, mwembamba, mwenye maneno kuliko jasho. Kila akimpita mlinzi wake alimgeukia na kumuuliza, "Oya, mwana, umepaki gari wapi? Mbona umesimama?" Hata wachezaji wakubwa wa timu walicheka, wakimpiga vikumbo vya kumnyamazisha. Hakunyamaza, na hakukosea pasi. Nafasi moja ilikuwa yake, hata kipofu angeona.

Wa pili alitoka Mbulu, mtoto wa wakulima, mfupi, mpana mabegani. Huyu maneno hakuwa nayo. Alikuwa na mkono: alitupa mpira kutoka mbali bila kuruka sana, ukashuka kikapuni bila kugusa chuma. Na hakuchoka. Mazoezi matatu kwa siku, asubuhi kwenye ukungu, saa nne, tena alasiri, yeye alimaliza akiwa kama aliyeanza. Nikaandika: pumzi nzuri sana.

Wa tatu ndiye aliyeninyima usingizi. Alitoka Nainokanoka, juu kule Ngorongoro, akaja siku ya kwanza na shuka nyekundu juu ya jezi, raba miguuni na simu yenye waya masikioni. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mlango wa bweni alikuwa akiusalimia kwa kichwa. Alijifunza kikapu shuleni, akamaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani. Kwa robo tatu za mchezo sijaona mtu kama yeye kwenye uwanja ule. Mpira ukigonga chuma na kurudi, ulikuwa wake. Mtu akirusha karibu naye, mkono wake ulikuwa umeshafika. Halafu robo ya nne alikuwa kama taa inayoishiwa betri. Magoti yalilegea, akaanza kushika kaptula, akaacha watu wampite akiwaangalia tu.

Siku ya nne niliandika: pumzi hana. Siku ya tano niliandika: pumzi hana kabisa. Siku ya sita kocha alilichukua daftari, akasoma amesimama.

"Huyu wa Ngorongoro," akasema. "Anatoka juu zaidi yetu sote. Mapafu ya kule ni kama mivukuto ya mhunzi. Inakuwaje?"

"Sijui."

"Anavuta sigara?"

"Sijamwona."

"Anaumwa?"

"Hajasema."

"Basi ni mvivu," kocha akasema. "Mvivu mrefu bado ni mvivu. Nampa mpaka Jumamosi. Akizimika tena, namchukua huyu mfupi na yule mropokaji, tunamaliza."

Neno mvivu halikuwa langu, lakini lilitoka kwenye daftari langu. Nikaanza kumwangalia kijana yule kuliko mpira. Nilimwangalia akifunga kamba za viatu, nikamwangalia akinywa maji bombani, mengi mno, kichwa kimeinama muda mrefu. Nilimuuliza mara moja kama anajisikia vizuri. "Niko salama, mzee," akajibu, na kwa adabu aliyojibu nayo ningeweza kugonga hodi mwaka mzima nisifunguliwe.

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya nyama. Mama mpishi, Mwiraqw wa makamo aliyekuwa akipikia shule siku zote, aligawa chakula mwenyewe kwenye kibaraza cha jiko. Kwake kila mtu alipewa sahani mkononi na neno la kwenda nalo. Kijana wa Arusha aliambiwa, "Chukua, ufunge domo kwa mfupa." Kijana wa Nainokanoka aliambiwa, "Kula, mwanangu, urefu wote huo unajazwa na nini?" Akashukuru kwa mikono miwili, akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu na kijana wa Mbulu, kama kila siku.

Nilikuwa nimekaa na sahani yangu kwenye ngazi. Mama mpishi alipita kukusanya vyombo, akasimama mbele ya kijana wa Mbulu. Akaanza kwa Kiiraqw, akaona wengine wanasikiliza, akahamia Kiswahili ili aibu iwafikie wote.

"Wewe mtoto, nakutazama wiki nzima. Unakula kama trekta. Leo nimehesabu, sahani mbili! Nyama ya watu wawili! Mama yako kule Mbulu anajua amefuga nini?"

Wachezaji wakubwa wakaangua kicheko. Kijana wa Arusha akapiga benchi. "Mama, huyo mchunguze vizuri, huenda ana mapacha tumboni!"

Kijana wa Mbulu aliinamisha kichwa. "Siyo yangu hiyo ya pili, mama."

"Ya nani?"

Akaitazama sahani. Lakini jicho lake lilikimbilia kwa jirani yake kabla hajaliwahi, na jirani yake alikuwa ameshainuka, anaelekea bombani kunywa maji.

Nilikaa pale na tonge mkononi. Miaka miwili Engaresero nilipika pamoja na morani wa Kimasai waliolinda kempu. Niliwaona wakichukua mbuzi wao wakaenda kumchinja porini, mbali na maboma, kwa sababu morani hali nyama mbele ya macho ya mwanamke aliyeolewa. Niliwaona wakiacha maziwa yachachuke kwenye kibuyu kwa kuwa mwenzao wa rika hajafika, na morani hali bila mwenzake wa rika. Niliyajua hayo kama ninavyojua njia ya kwenda kwetu. Lakini nilipomwona huyu ana raba na simu, na ana cheti cha kidato cha nne, nilidhani jezi inamvua mtu mila. Siku tisa nilikaa hatua kumi kutoka kwake wakati wa chakula, na nilichokuwa nikikitazama ni daftari.

Nilimfuata bombani.

"Tangu lini hujala hapa?"

Akafuta mdomo. Akanitazama, akapima kama nimeuliza kwa kutaka ugomvi au kwa kujua.

"Tangu nimefika, mzee."

"Shuleni ulikuwa unakula?"

"Shuleni nilikuwa layoni. Mtoto anakula popote. Mwaka jana niliingia jandoni. Sasa mimi ni morani."

"Na unaishije?"

Alikuwa na mwenzake wa rika aliyekuwa mlinzi kwenye kituo cha mafuta barabara kuu. Kila jioni baada ya mazoezi alitembea mpaka kule, wakanywa maziwa, wakala pamoja nyuma ya stoo, akarudi. Hicho ndicho alichokuwa akikimbia nacho siku nzima iliyofuata. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa chakula.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Kocha wa Dar? Angesema huyu ana masharti kama mganga." Akatabasamu kidogo, akaacha. "Na yule mama ananipa kwa moyo. Nikikataa namtukana. Nikipokea, mwenzangu anakula. Naona ni sawa."

"Si sawa. Nimeandika huna pumzi."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesikia ng'ombe wake ameonekana kwenye zizi la mwingine. "Pumzi ninayo," akasema polepole. "Andika tena."

Nisingeweza kuandika tena kwa kuambiwa. Ilikuwa Jumatano. Zilibaki siku mbili kamili kabla ya mechi ya Jumamosi ambayo kocha angeamua kwayo. Nilikwenda kwa mama mpishi, nikamweleza. Nilitarajia anune. Alikaa juu ya debe la mafuta, akashika shavu.

"Siku tisa namtia majaribuni mtoto wa watu," akasema. "Na mimi nikimwona anapokea, nafurahi. Ungeniambia, baba! Wewe si umeishi nao?"

"Nimeishi nao."

"Sasa ulijifunza nini huko, kuchoma nyama tu?"

Nikamwomba cha kupikia. Akanipa sufuria, mchele, maharage na fungu la nyama, akaniambia nisimrudishie vyombo mpaka viwe vitupu. Nikapika mwenyewe nyuma ya karakana ya shule, ambako hakuna mwanamke anayepita. Nikaenda kituo cha mafuta kumwomba yule mwenzake aje saa sita na saa moja jioni. Alikuwa mfupi kwa Mmasai, mchangamfu, na rungu lake kiunoni. "Kwa hiyo kazi yangu ni kula?" akauliza. "Mzee, kazi hii ungeniletea mapema."

Walikula kwa zamu, tonge la huyu, tonge la huyu, bila haraka. Nilikaa mbali nikiwapa mgongo. Nilichungulia kona ya karakana kana kwamba nawaficha wezi.

Jioni ile ile nilimweleza kocha. Nilikuwa nimefikiria kunyamaza, Jumamosi ijiseme yenyewe. Lakini daftari lilikuwa limeshasema uongo kwa wino wangu.

Kocha alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hana uvivu, ana njaa."

"Ndiyo."

"Afadhali uvivu. Uvivu naujua dawa yake. Huyu nikimpeleka Dar nani atakula naye? Mpishi wetu mwanamke. Mke wangu ndiye anayesimamia hosteli. Nimwambie mke wangu akae chumbani, kuna mtu anakula?"

"Sijui," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Nitamtazama Jumamosi. Sikuahidi kitu."

Alhamisi na Ijumaa niliona jambo ambalo sikulipangia. Kijana wa Nainokanoka alianza kumaliza mazoezi. Hilo nililitarajia. Lakini kijana wa Mbulu, ambaye sasa alikuwa na sahani yake moja tu kama wengine, alianza kubaki nyuma. Alhamisi saa nne alishika kiuno. Ijumaa alasiri alikaa chini akijifanya anafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Nilifungua daftari nikasoma kurasa za nyuma: pumzi nzuri sana, pumzi nzuri sana, pumzi hana, pumzi hana. Wiki nzima nilikuwa nimepima sahani, si wachezaji. Mmoja alikimbia kwa chakula cha wawili, mwingine kwa maji ya bomba. Na kwa kumsaidia mmoja nilikuwa nimemvua mwenzake nguo uwanjani, bila hata kumwonya.

Nikataka kwenda Mang'ola. Kweli kabisa, nilisimama Ijumaa jioni nikitazama lori tupu la vitunguu likishuka, nikamjua dereva wake, nikajua angenipa lifti. Sikwenda. Sidhani ilikuwa ujasiri. Mvuke wa sufuria ulikuwa umeshaanza kunyanyua mfuniko, na walaji wangu walikuwa njiani.

Jumamosi watu wa mjini walikuja kutazama, wakajaa kwenye ukingo wa uwanja. Kikosi cha wakubwa kiligawanywa pande mbili, vijana wetu watatu wakatiwa upande mmoja. Mimi nilikaa na daftari magotini na sikuandika chochote robo tatu nzima.

Robo ya nne ilianza, na kijana wa Nainokanoka hakuzima. Alipanda, akashuka, akapanda. Mmoja wa wakubwa, senta wa timu ya kwanza, alimsukuma kifuani akamwambia, "Nenda kachunge, dogo." Mpira uliofuata ulirudi kutoka kwenye chuma, wakaruka wote wawili, ukabaki mikononi mwa kijana. Kijana wa Arusha akapiga kelele kutoka ukingo wa pili wa uwanja, "Ng'ombe ameshaingia zizini, mkubwa! Funga geti!" Umati ukacheka mpaka mechi ikasimama.

Kijana wa Mbulu alitolewa dakika tano kabla ya mwisho. Mitupo yake mitatu ya mwisho ilikuwa mifupi, miguu haikumpa nguvu. Alikaa kwenye benchi, taulo kichwani.

Kocha alimwita kijana wa Nainokanoka pembeni, mimi nikiwapo.

"Mpira umenionyesha," akamwambia. "Sasa nijibu la tumbo. Dar utakula na nani?"

Kijana alionekana kushangaa kwamba hilo ni swali. "Mzee, Dar kila geti lina mtu wetu. Hosteli yenu inalindwa na nani?"

"Na Mmasai," kocha akasema. "Wawili. Nyumba ya jirani mwingine."

"Wa rika gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nitawajua mimi. Wakiwa wa rika langu, nakula nao getini. Wakiwa wakubwa, watanionyesha waliko wa rika langu."

Kocha alicheka kicheko cha mtu aliyezidiwa, akamshika bega kwa kunyoosha mkono juu. Ndivyo alivyochukuliwa, kwa miezi mitatu ya kutazamwa. Kijana wa Arusha akachukua nafasi nyingine, kama ilivyojulikana. Walioteuliwa walitangaziwa mbele ya wote, na ambaye hakutajwa akabaki amekaa pale pale.

Mchana ule mama mpishi aligawa chakula cha kuagana. Kijana wa Mbulu alipewa sahani iliyojaa kuliko zote, na safari hii bila neno. Akaiweka mapajani, hakuila. Nikaenda kukaa naye.

"Mzee," akasema, "kwenye daftari, kabla hujajua, mimi ulikuwa umeniandika nini?"

"Pumzi nzuri sana."

Akatikisa kichwa taratibu. "Si ungeniacha tu nile."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

"Ulijua si yako," nikasema.

"Nilijua. Siku ya kwanza nilimkatalia. Akaniambia, usipokula itamwagwa, na kwetu kumwaga nyama ni dhambi. Kwetu Mbulu pia. Basi nikala." Akageuza kijiko. "Sikujua kama inanibeba. Nilidhani ni mimi."

Nilimwambia nilichokijua, na kilikuwa kidogo: mkono wake ni wa kweli, huo haukutoka kwenye sahani ya mtu, nao nimeuona siku zote kumi na mbili. Miguu yake sikuijua. Nilikuwa nimeiona kwa haki siku tatu tu, na siku tatu hazitoshi kumwambia mtu aendelee wala aache. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Angalau hujaandika."

Akavuta sahani karibu, akaanza kula polepole. Nikabaki pale kwenye benchi mpaka alipomaliza kijiko cha mwisho, kwa sababu basi la Mbulu lilikuwa bado saa nzima, na mtu hapaswi kuachwa kula peke yake siku kama ile.